Kibodi za teminali za zamani: ipi uichinje kwa spea, ipi uiache nzima

Kibodi ya zamani ikifa vitufe vitatu, fundi yeyote wa kwetu atakupa ushauri uleule: tafuta nyingine mbovu, uichinje, uponye hii. Kwenye gari ushauri huo hauna kasoro. Kwenye kibodi za teminali inategemea ni kibodi gani, maana mbili zenye nembo moja, rangi moja na mlio unaokaribiana zinaweza zisiazimane chochote isipokuwa kofia za vitufe. Nililijua hilo baada ya kulipia usafiri wa mzigo mzito kutoka Marekani hadi Dar es Salaam, nikaufungua na kukuta kile kipande nilichokifuata hakiingii kwenye kibodi yangu. Mzigo wa kibodi hulipiwa kwa kilo, na hizi ni za chuma ndani. Afadhali mwenzangu ajue kabla hajalipa.

Kwa ambaye hakuikuta: teminali ilikuwa kioo na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kuu iliyokaa chumba kingine, pengine jengo jingine. Mhudumu wa benki au wa shirika la ndege alichapa kutwa nzima juu yake, siku zote za kazi, ndiyo maana kibodi zile zilitengenezwa kwa uimara ambao leo ni shida kuupata dukani. Watu wanaochapa sana bado wanazitafuta, na mimi ni mmoja wao.

Nalinganisha familia nne ambazo ndizo zinazokutwa sokoni mara nyingi: IBM Model F ya vitufe 122, IBM Model M ya teminali, LK201 ya DEC (kampuni ya kompyuta ya Marekani, Digital Equipment Corporation) pamoja na mdogo wake LK401, na kibodi za Wyse, kampuni nyingine ya teminali, za miaka ya 1980. IBM walikuwa pia na kibodi za kale zaidi za teminali ya 3278 ya mwaka 1977, zenye springi ya namna nyingine kabisa na koili ndani inayogonga kuongeza mlio. Hizo nimeziacha nje. Bei yake imepanda mno, na anayeipata moja hana sababu ya kuichinja.

Model F na Model M: ndugu wasioazimana viungo

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea hapahapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zote mbili zinatumia springi inayojikunja. Ukibonyeza kofia, springi iliyo ndani yake inabanwa mpaka inapinda ghafla upande mmoja, na mpindo huo ndio unaotoa ule mlio mkali na kusukuma kipande cha plastiki kilichoshika mguu wa springi. Mpaka hapo ni mapacha. Tofauti iko kwenye kipande hicho cha chini.

Model F, iliyoanza mwaka 1981, ina kibao kipana cha plastiki iliyochanganywa na kaboni. Kibao kinabembea juu ya bodi ya saketi, na kibodi inasoma badiliko la kapasitansi (uwezo wa kushika chaji ya umeme) pale chini yake. Hakuna vyuma viwili vinavyogusana, kwa hiyo hakuna cha kuliwa na kutu wala cha kuchakaa kwa kusuguana. Model M ilikuja mwaka 1985, na IBM walibadilisha njia ili gharama ishuke: kibao kikawa kinyundo kidogo kinachobonyeza utando wa plastiki wa tabaka tatu, mistari ya tabaka la juu ikagusana na ya chini kupitia tundu la tabaka la kati.

Matokeo yake kwa mtu wa spea ni haya. Springi huja ikiwa imeshikana na kibao chake au kinyundo chake, na kibao cha F hakiwezi kufanya kazi kwenye M, wala kinyundo cha M kwenye F. Yale mapipa ambamo springi hukaa, kwenye F ni kipande kimojakimoja kinachochomekwa kwenye bamba la chuma, wakati kwenye M yote yamefinyangwa pamoja kama bamba moja la plastiki. Pipa moja la F likivunjika unaweka jingine. La M likivunjika unabadilisha bamba zima. Bodi ya saketi na utando navyo havina hata mahali pa kukutania.

Kinachobaki ni kofia, na kwenye kofia IBM walitufanyia wema mkubwa. Vitufe vyao vina umbo moja safu zote; ule mwinuko unaouona ukiitazama kibodi kwa ubavu unatokana na bamba la chuma lililokunjwa ndani. Kwa hiyo kofia ya ukubwa wa kawaida kutoka safu ya juu inakaa sawasawa safu ya chini, na kofia ya M inakaa vizuri kwenye F. Rangi ya herufi imepenya ndani ya plastiki, haikupakwa juu, kwa hiyo hata kofia za kibodi iliyotumika miaka mingi husomeka. Za M nyingi zina vipande viwili, shina na kifuniko, na ukiwa na mashina unaweza kuhamisha vifuniko peke yake. Tahadhari ni kwa vitufe virefu tu. F hushikilia vitufe virefu kwa waya wa kusawazisha. M, ukiondoa kitufe cha nafasi, hutumia vijiti vya plastiki. Kitufe cha nafasi cha moja usitegemee kukiweka kwenye nyingine.

Basi nani achinjwe kwa ajili ya nani? Ukiwa na F yenye kibao kilichovunjika, kuchinja M ni kupoteza M. Tafuta vibao vyenyewe. Siku hizi kuna mradi huko Marekani unaotengeneza upya Model F nzima na kuuza vipande vyake, na kuagiza vibao vichache vipya ni mzigo mwepesi kuliko kuagiza maiti ya kibodi. Hata F nyingine ya teminali nisingeichinja. Zilitengenezwa kwa miaka michache na haziongezeki.

Ugumu wa kufungua, ambao watu hawausemi

Kupata spea ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuingia ndani na kutoka salama, na hapa F na M zinatofautiana kiasi kwamba ningeangalia jambo hili kabla hata ya bei.

M imefungwa kwa riveti za plastiki. Kiwandani walipitisha vijiti vya lile bamba la mapipa kwenye matundu ya utando na ya bamba la chuma, kisha wakaviyeyusha vichwa. Miaka ikipita plastiki inakauka na vichwa vinakatika kimoja kimoja. Zikishakatika nyingi upande mmoja, bamba linalegea na vitufe vya hapo vinaanza kuwa vizito, vinapoteza mlio, au havisomi. Dawa yake inajulikana: unakata riveti zote zilizobaki, unatoboa kwa drili ya milimita 1.6, unafunga boliti za M2 zenye urefu wa milimita 8 na nati zake. Ni kazi ya siku nzima kwa mara ya kwanza, lakini haina mtego. Ukikosea tundu moja bado yapo mengine. Ganda la nje hufunguliwa kwa soketi nyembamba ya milimita 5.5, maana skrubu zake nne zimezama ndani na kila soketi nene hugoma kuingia. Nunua hiyo soketi kwanza.

Kumbuka pia kwamba kinyundo na springi ya M hutolewa kwa chini. Ukitaka springi kumi za kibodi ya kuchinja lazima ukate riveti zake zote. Kwa hiyo kibodi ambayo riveti zake zimeshakufa ndiyo mgombea mzuri wa kuchinjwa: muuzaji anaishusha bei kwa kasoro ambayo wewe ungeitengeneza kwa mkono wako hata hivyo.

F haina riveti. Mabamba mawili ya chuma yamebana kila kitu katikati na kushikana kwa ndoano zilizokunjwa; unafungua kwa kuyatelezesha, moja mbele, jingine nyuma. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, ndani yake kuna sponji iliyobanwa tangu miaka ya 1980, ambayo sasa ama imekuwa unga ama imekuwa gundi, na lazima ibadilishwe. Sponji mpya ni nene na ina nguvu, kwa hiyo kufunga tena kunahitaji jiriwa, kinyundo cha mpira na mtu wa kukushikia. Mabamba yakiachana, vibao vyote 122 havijashikwa na kitu. Unavipanga kibodi ikiwa imelala kifudifudi, kila kibao kimesimama mahali pake, kisha unaishusha bodi ya saketi polepole. Kimoja kikilala upande, kitufe hicho hakisomi, na kukirudisha ni kufungua upya kila kitu. Mara ya kwanza nilifungua na kufunga mara nne. Mara ya nne ilisoma vitufe vyote, na sijawahi kuchapa juu ya kitu kitamu kama kile.

Kanuni moja inafaa kwa zote mbili: ukirudisha kofia, simamisha kibodi wima, upande wa kitufe cha nafasi ukiwa juu. Springi inainama upande unaotakiwa na kofia inaingia ikiwa imeishika sawasawa. Ukibandika kofia kibodi ikiwa imelala mezani, nyingine zitakaa bila mlio na utadhani umeharibu kitu.

Model M ya teminali na Model M ya kompyuta ya kawaida

Huu ndio uchinjaji ninaoukubali kwa moyo wote. Model M za kompyuta za kawaida zilitengenezwa kwa mamilioni. Za teminali ni chache zaidi, na ndizo zinazostahili kuponywa.

Ya teminali yenye vitufe 101 ni karibu sawa na ya kompyuta: kofia, springi na vinyundo vinaazimana. Utaona haina taa za Caps Lock na Num Lock. Teminali ilionyesha hali hizo kwenye kioo, kwa hiyo taa hazikuhitajika. Ya vitufe 122, yenye safu mbili za F1 hadi F24 juu na kifungu cha vitufe kumi kushoto, inaazima kofia, springi na vinyundo kutoka kwa ya 101, lakini utando, bamba na bodi ya kontrola (ile inayosoma vitufe na kutuma ishara nje) ni vyake peke yake. Ukinunua ya 122 hakikisha utando wake hauna maji yaliyoingia, maana hilo ndilo jambo ambalo kibodi ya kuchinja ya kawaida haiwezi kulifidia.

Kwa kofia hata uchinjaji hauhitajiki. Unicomp wa Lexington, Kentucky, waliochukua utengenezaji wa Model M mwaka 1996 kutoka kwa Lexmark, kampuni iliyorithi kazi hiyo kwa IBM, bado wanatengeneza kibodi hizi na kuuza kofia mojamoja. Kofia zinazoleta shida ni zile za lugha ya teminali. Kwenye mpangilio wa 3270, familia ya teminali za IBM, pale tulipozoea Ctrl ya kushoto pameandikwa Reset, na Enter ya kutuma ukurasa iko pale penye Ctrl ya kulia. Watu wengi huzitoa na kuweka Ctrl za kawaida. Fanya hivyo ukipenda, ila weka zile za asili kwenye mfuko na uufunge ndani ya ganda la kibodi. Siku moja atakuja mtu mwenye teminali yake anayezitafuta.

Plagi na lugha

Kuhamisha kofia hakutakufaa kitu kama kibodi haiwezi kuongea na kompyuta yako. Kibodi za teminali za IBM zinatuma orodha ya namba inayoitwa seti ya 3, tofauti na ile ya kompyuta za kawaida. Plagi zake nazo hazifanani: kuna za DIN zenye pini tano zilizopangwa kwa nyuzi 240 badala ya 180, na kuna za RJ45 zinazofanana kabisa na za waya wa mtandao. Usizichomeke kwenye rauta wala swichi ya mtandao, hata kwa kujaribu.

Suluhisho ni konveta: bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, iliyowekwa programu ya bure, inayopokea lugha ya kibodi upande mmoja na kutoa USB upande wa pili. Ni kazi ya waya nne za kuunganisha. Kwa ya vitufe 101 unaweza badala yake kuhamisha bodi ya kontrola kutoka kwenye M ya kompyuta, lakini mimi nashauri konveta. Kibodi inabaki na viungo vyake, na kesho ukitaka kuirudisha kwenye teminali unachomoa tu.

DEC LK201 na LK401: badilisha nzima

Kwa DEC sina mengi ya spea, na hiyo yenyewe ni habari kwa anayechagua. LK201 ilionekana mwaka 1982 na kompyuta ya Rainbow 100, kisha ikawa kibodi ya teminali maarufu ya VT220. Mishale minne yenye umbo la T iliyopinduliwa, na vitufe sita juu yake, ilienezwa na kibodi hii kabla Model M haijaufanya mpangilio huo kuwa wa dunia nzima.

Kuichapa si raha kama IBM. Ni laini na haina mlio wake wa springi. Lakini ina faida ambayo IBM hawana: inaongea kwa mfululizo wa kawaida wa baud 4800 (biti 4800 kwa sekunde, moja baada ya nyingine), jambo ambalo fundi yeyote wa vifaa vya elektroniki analifahamu, na LK401 inafuata lugha hiyohiyo. Kibodi ya VT220 ikifa huna haja ya kuifungua kutafuta kitufe. Chomeka nyingine nzima. Linux ina draiva yake tayari kwa zote mbili. Kinachohitajika ni umeme wa volti 12 na kulinganisha viwango vya ishara.

Usichanganye na kibodi ya VT100 ya mwaka 1978. Hiyo inaingia kwa jeki kubwa kama ya gitaa, na data na umeme hupita humo humo. Haiazimani chochote na LK201.

Wyse: kibodi inayochinjwa isivyo haki

Kibodi nyingi za Wyse 50 na Wyse 60 zina swichi nyeusi za MX za kampuni ya Cherry, kila kitufe na swichi yake, aina ileile yenye shina la msalaba inayotumika mpaka leo. Kwa hiyo hapa spea zinatembea upande mwingine. Kofia nene za Wyse zinakaa juu ya kibodi mpya ya kuchezea michezo, na swichi nyeusi za zamani, ambazo wapenzi wanasema ni laini kuliko mpya, zinayeyushwa lehemu na kuuzwa mojamoja.

Kitaalamu ni kazi rahisi. Tahadhari ni safu: tofauti na IBM, kofia za Cherry zimechongwa kwa mwinuko tofauti kila safu, kwa hiyo kofia ya safu ya namba ikiwekwa safu ya A inaonekana na inahisiwa na kidole. Vitufe vya chini vilivyo pembeni ya kitufe cha nafasi navyo havina ukubwa wa kibodi za leo, utalazimika kutafuta vingine.

Kinachonisumbua ni kwamba kibodi ya Wyse ndiyo inayoipa uhai teminali yake. Plagi yake ndogo ya simu inafanana na ya DEC, ila nyaya na lugha ni nyingine. Ukiichomeka kibodi ya DEC hapo haifanyi kazi, na ukifanya kinyume unapeleka volti 12 mahali pasipotarajia. Kila seti ya kofia inayouzwa ni kioo kimoja kilichobaki bubu. Swichi nyeusi mpya zipo dukani. Ukizitaka za zamani, tafuta kibodi za Cherry za kompyuta ya kawaida zenye swichi hizohizo.

Uchague ipi

Kama ndiyo unaanza, una bisibisi na uvumilivu wa wastani, chukua Model M ya teminali ya vitufe 101, na M moja ya kompyuta yenye riveti zilizokufa kwa ajili ya spea. Kila kipande utakipata, na ukikosea kuna cha kurudia.

Ukipenda vitufe vingi, labda unaandika programu au unahariri matini marefu, M ya 122 inakutosha, mradi muuzaji akutumie picha ya chini ya kibodi na akuhakikishie kwamba kila kitufe kinasoma.

Model F ya 122 ni kwa mtu anayechapa kila siku na yuko tayari kuilipia usafiri, sponji mpya na Jumamosi mbili au tatu. Ni nzito kuliko M kwa mbali. Ndiyo bora ya hizi nne, nami ndiyo ninayoitumia kuandika haya, lakini usiinunue ukidhani kasha la spea za M litakusaidia.

DEC ichukue kama tayari una VT220 au VT420 mezani. Wyse vilevile: iwe na teminali yake.

Na kabla hujamlipa muuzaji wa M yoyote, mwombe aipindue, aitikise karibu na simu akirekodi sauti. Ukisikia punje zinachezacheza ndani, hizo ni vichwa vya riveti vilivyokatika. Toa bei ya kibodi ya kuchinja, si ya kibodi nzima.